Baba Alikuwa Anahesabu Vyuma

Jumatano, saa nane mchana. Isevya, Tabora. Upepo wa kiangazi unavuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Sijawasha moto leo. Mliozoea kupita hapa kuangalia picha za visu vipya, nisameheni. Leo hakuna picha.

Kuna jambo limenikaa kooni karibu mwezi mzima. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu pekee ninayeishi naye ndiye niliyekuwa namshuku.

Baba yangu.

Najijua. Mimi ni mtu wa kushuku, tena si kidogo. Mteja akisifu kisu kabla hajakishika, namtazama mara mbili. Jirani akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, najiuliza anataka kuazima nini. Nimekulia kambini, kwenye nyumba za mstari mmoja na rangi moja, ambako hata mtoto aliyetumwa chumvi aliulizwa getini katoka kwa nani. Baba alikuwa sajenti wa bohari. Kila sahani, kila blanketi, kila jembe la kambi lilipita mikononi mwake, na alivijua kwa idadi kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Jumamosi asubuhi mimi na kaka zangu tulisimama kando ya masanduku yetu ya bati, tumeyafungua wazi, naye anapita akikagua. Kijiko kikipotea, hakuuliza kiko wapi. Aliuliza, "Nani alikuwa wa mwisho kukishika?"

Swali hilo limenilea kuliko uji.

Tulihamishwa kambi nne kabla sijamaliza shule ya msingi. Kila tulipofika, Baba alitupa onyo moja: tusizoeane na watu kabla hatujawajua. Na kila tulipoanza kuwajua, lori lilikuja kutuhamisha.

Nilitaka kuwa mwanajeshi. Naona haya kidogo kuliandika, lakini sikuwahi kuota kitu kingine. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kwenye usaili, nikakimbia, nikaruka, nikawapita wavulana wengi. Kisha daktari akasimama nyuma yangu akaninong'oneza kwenye sikio la kushoto, nami sikusikia chochote. Sikio lile liliugua nikiwa na miaka kumi, likatoa usaha, halafu likafa kimya kimya. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilijifunza kuwageuzia watu upande wa kulia, basi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Baba hakusema neno. Tulipofika alimwambia Mama maneno mawili tu, mimi nikiwa nimesimama pale pale mlangoni: "Alijua, akanificha."

Nadhani tangu siku hiyo aliniandika kwenye orodha ya watu wasioaminika. Mama aliona nitakauka nikibaki kambini, akanipandisha treni ya Mwanza, nikashuka Bukene kwa bibi.

Bukene ndiko nilikosikia nyundo. Mzee Nkwabi alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Alisema babu zake walifua majembe yaliyobebwa na misafara iliyopita Unyanyembe, na kwamba kuna mabinti walioolewa kwa majembe hayo. Mwanzoni hakutaka niisogelee tanuri. Kwa desturi yao mwanamke hakai penye viriba vya kuvuvia moto, chuma kitaharibika. Lakini wanawe wote walikuwa wamekwenda machimboni, mgongo wake ulikuwa umechoka, na mtu wa kuvuta upepo alihitajika. Akaniambia nikae, ila nisiguse nyundo. Baada ya misimu miwili ya mvua nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

Majembe hayakuwa na soko tena, yanatoka kiwandani. Nikaanza kufua visu. Springi za malori yaliyokufa barabara ya Igunga, mpini wa mninga, misumari ya shaba. Nilipohamia hapa Tabora, wauza nyama walinunua kwanza, wakafuata warina asali, halafu mama lishe. Nilimpelekea Baba kisu changu cha kwanza kizuri. Alikipitisha kidole gumba, akakitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Miaka saba hakukanyaga kibandani kwangu.

Mama alipofariki, mwaka jana, Baba akaja kuishi nami. Watu wa mtaa wanamwita Afande, na anapenda. Tuliishi kwa adabu, shikamoo na marahaba, chakula kipo, asante. Maneno yetu yote ya siku yangetosha kwenye kiganja.

Halafu, miezi miwili iliyopita, akaanza kuniletea vyuma.

Alikuwa akitoka alfajiri kutembea, upande wa magharibi, ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji ambayo sasa inafuatana na reli. Siku moja akarudi na kipande cha springi. Akakiweka mlangoni pa kibanda, akaenda kunawa. Siku ya tatu akaleta bawaba ya lango. Hakusema neno, nami sikusema. Lakini nilijua ile ni salamu, na kwamba ilikuwa imechukua miaka saba kufika. Usiniulize nilijisikiaje. Nilifua vile vyuma kwa uangalifu kana kwamba navifua kwa ajili ya Mama.

Wiki tatu zilizopita akaleta mfuko wa sandarusi. Ndani kulikuwa na vibanio vya reli, vile vyuma vinene vilivyopinda kama pete iliyokatwa, vinavyoishika reli kwenye mataruma isiteleze.

Nilivimwaga chini nikavitazama. Chuma kilichookotwa kina kutu pande zote. Hivi vilikuwa na kutu mgongoni, lakini pale vinapobana reli viling'aa. Havikuwa vimeokotwa. Vilikuwa vimeng'olewa, tena juzi.

Na nyundo yangu kubwa ilikuwa imepotea siku mbili kabla, ikarudi yenyewe ikiwa na jeraha usoni.

Hapa lazima niungame. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa treni. Lilikuwa ubora wa kile chuma. Mzee Nkwabi aliwahi kuniambia kwamba vibanio ni chuma kitamu kuliko springi, na kwamba mhunzi mwaminifu hafi bila kukitamani. Nilikitia kimoja motoni. Kilipoiva nikakipiga mara tano, sita, kikanyooka kama kinanishukuru. Ndipo nikaona nilichokuwa nafanya. Nikakichovya kwenye maji, nikakitupa nyuma ya rundo la mkaa. Vingine nikavirudisha kwenye mfuko.

Usingizi ulianza kunikimbia. Treni ya Kigoma inapita pale. Nimeipanda, naijua, wamama wamelala chini, watoto juu ya mizigo, ndoo za mawese. Nikawaza Baba akipiga magoti relini na nyundo yangu. Kwa nini? Ili nipate chuma kizuri? Ili nimsamehe? Au ana mnunuzi, na mimi ni mahali pa kuficha tu?

Sikumwuliza. Kumwuliza kungevunja ule upatanisho mdogo wa mlangoni. Nikafanya alichonifundisha: nikachunguza.

Nilimwuliza Kulwa. Kulwa ni kijana mwenye mke na watoto wawili, ananiletea mkaa kila Jumatano kwa baiskeli kutoka porini, na njia yake ni hiyo hiyo ya kando ya reli. Ni mtu mpole, anacheka kwa macho. Masika iliyopita mkaa ulipoadimika mji mzima, yeye alinisukumia magunia mawili kwenye tope hadi hapa. Nilimpa kisu kwa shukrani, nilichokifua mwenyewe kwa ajili yake, mpini wa mninga na misumari mitatu ya shaba badala ya miwili.

Akaniambia, "Namwona Afande, dada Vero. Anatembea na reli, anainama, anasimama. Nadhani anafanya mazoezi."

Mazoezi. Nilicheka naye, na moyo wangu ukawa baridi kama jiwe la kisimani.

Siku tisa niliishi hivyo. Nilimtazama Baba akila. Nilikagua viatu vyake. Niliingia chumbani kwake alipokwenda misa ya Ijumaa, nikafungua sanduku lake lile lile la bati, nikakuta shati lililokunjwa, picha ya Mama, na kitu kilichofungwa kwa kitambaa ambacho sikuthubutu kukifungua. Nilifunga sanduku nikijiona mwizi. Na ajabu ni kwamba yeye naye alikuwa ananitazama. Nikiinua macho kwenye moto, namkuta mlangoni. Nikirudi kutoka sokoni, namkuta anazunguka kibanda, mikono nyuma.

Jumapili, si hii iliyopita bali ile ya kabla yake, adhuhuri, nilikuwa napepeta mchele uani. Baba akaja akasimama wima, kile kibanio nilichokipiga kikiwa kiganjani mwake, nusu pete na nusu kisu.

"Vilikuwa kumi na kimoja," akasema. "Vimebaki kumi."

Alikuwa amevihesabu. Bila shaka alikuwa amevihesabu. Sijui nguvu nilizitoa wapi, lakini nilisimama nikamwuliza yeye alivitoa wapi hivyo kumi na kimoja.

Aliingia ndani, akarudi na kile kitu cha kwenye sanduku. Akakifungua mbele yangu. Kilikuwa kisu. Kilikuwa na alama yangu, herufi V yenye mstari chini yake, ninayoigonga kwenye kila kisu kabla hakijachovywa.

Alinieleza kama anavyotoa taarifa, bila kupanda wala kushuka. Kwamba alipokuwa akitembea aliona mataruma sita yaliyofuatana, kwenye kona, hayana vibanio. Kwamba alitafuta, akakuta gunia limefichwa ndani ya kalavati, limejaa. Na juu ya gunia, kisu, cha kukatia kamba. Aliitambua alama kabla hajakiinua. Alirudi nyumbani akachukua nyundo yangu, akaenda akavirudisha vya ile kona kimoja kimoja, mzee wa miaka sabini na mbili, kisha akabaki na kumi na kimoja. Hivyo ndivyo alivyoniletea.

Ili aone nitafanya nini.

Nilielewa polepole, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Baba hakuniletea zawadi. Alinitegea. Alidhani wezi wa reli wananiuzia mimi, mhunzi, nani mwingine anahitaji chuma kile? Akaviweka mlangoni pangu akasubiri aone kama nitavitia motoni. Nami nikakitia kimoja.

Nikamwambia mimi nami nilimdhania yeye ndiye mwizi. Nikamwambia habari ya nyundo, ya viatu, hata ya sanduku. Nilidhani atanipiga. Alikaa chini kwenye kigoda changu cha kazi, mara yake ya kwanza kukaa pale, akatazama kile kibanio muda mrefu.

Nikamwuliza, "Kama ningevifua vyote, ungenipeleka?"

"Ningekupeleka," akasema. Kisha akasema tena, sauti imepungua, "Halafu ningekuletea chakula huko, kila siku, mpaka utoke."

Sikujua nilie au nikasirike. Nilifanya yote mawili, na mchele ukaliwa na kuku.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa habari nzuri: baba na binti wameshukiana, wamesafishana, wamekaa pamoja penye moto. Nimeandika aya hizi zote nikijua naikwepa iliyobaki.

Jumatatu asubuhi tulikwenda stesheni. Baba alivaa shati lililopigwa pasi. Tulikabidhi mfuko, tukaeleza kalavati ilipo, tukaweka kisu mezani. Polisi wa reli aliyetupokea aliandika yote kwa utulivu, akatushukuru. Halafu akakigeuza kile kisu akauliza kama najua nilimuuzia nani.

Nilikijua. Nilikijua tangu Baba alipokifungua uani, lakini jana yake nilikuwa na mambo mengine ya kulia. Misumari mitatu ya shaba. Hakuna kingine duniani chenye misumari mitatu.

Ningeweza kusema kwamba kisu huazimwa, hupotea, huibwa. Ningeweza kusema kwamba baba yangu mzazi alikiona kisu hiki hiki akanidhania mimi, na alikosea. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, yamepoa siku moja tu. Lakini Baba alinigeukia akinitazama kwa jicho lile la Jumamosi, nami nikawa tena na miaka minane, nimesimama kando ya sanduku.

"Nilimpa Kulwa," nikasema. "Anayeniletea mkaa."

Ilitoka haraka mno. Sikumtetea hata kwa neno moja.

Kulwa alichukuliwa na polisi siku hiyo hiyo, mbele ya watoto wake. Alikaa ndani tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Alhamisi walinzi waliovizia kule kalavatini waliwakamata watu wawili waliofuata gunia, wageni kabisa, hakuna anayewajua hapa. Walikiri wenyewe. Kisu walikitoa kwenye baiskeli iliyoegeshwa kando ya njia, mwenyewe akiwa ameshuka kisimani kunywa maji. Kulwa alikuwa amewaambia watu wote kwao kwamba kisu chake kimeibwa. Mimi peke yangu hakuniambia. Mkewe alieleza kwamba aliona aibu, zawadi kuipoteza kabla haijamaliza mwaka.

Aliona aibu kwangu. Mimi.

Nilisikia ameachiwa, nikajiambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi nikajiambia apumzike kwanza. Jumapili nikawa na wageni ambao hawakuwepo. Nikajidanganya kwamba Jumatano atakuja tu na mkaa, nitamkaribisha uani, nitamwomba radhi hapa hapa, penye kivuli changu.

Leo asubuhi alipita. Nilimwona kupitia dirisha, baiskeli imelemewa magunia matatu, amekonda usoni. Alimsalimia fundi cherehani wa mbele. Alimsalimia Baba, "Shikamoo Afande," bila kusimama, na Baba akaitikia akiwa ameinuka. Mlango wangu hakuutazama. Aliteremsha mkaa kwa mama anayekaanga samaki, nyumba ya tatu kutoka hapa.

Na yule mama, ambaye nimekula samaki wake miaka yote hii, alisubiri Kulwa aondoke, kisha akafungua magunia akaanza kuchungulia ndani, mpaka chini, huku akitazama barabarani. Alipogundua namwona alicheka akasema siku hizi huwezi kujua.

Wiki mbili zilizopita hakuna aliyechungulia gunia la Kulwa. Hilo ni jina la mwizi nililomgongea mimi, kama ninavyogonga alama kwenye kisu, na hakuna mafuta wala moto wa kulitoa.

Baba aliingia baadaye akaketi. Alisema yeye ni mkubwa, ndiye atakayekwenda kuongea na Kulwa, wanaume huelewana. Nikamwambia hapana. Jina lilitoka kinywani mwangu. Akakuna magoti, halafu akauliza jambo ambalo sikuwahi kumsikia akiuliza maisha yangu yote.

"Kule kambini," akasema, "niliwahi kuwauliza ninyi mnaendeleaje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikumbuki. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata hesabu aliyoitarajia. Akasema atakuja nami, atasimama nyuma, hatasema neno mpaka aambiwe akae.

Kulwa anakaa ng'ambo ya reli, nyumba yenye mpapai mlangoni. Kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda porini, nitabisha hodi. Sitachukua kisu kipya, sitachukua sukari wala kitenge cha mkewe; nisije nikageuza radhi kuwa bei. Nitamwambia mbele ya watoto wake, maana mbele yao ndipo alipochukuliwa. Kisha nitakwenda kwa mama wa samaki, na kwa fundi cherehani, na kila mlango ambako mkaa wake unashuka, niseme kwa sauti nani aliyekosea. Naogopa. Naogopa uso wake kuliko nilivyowahi kuuogopa moto.

Na akisikia hodi yangu asiitikie?

Nitarudi keshokutwa.